Mishipa Iliyovimba Miguuni: Jinsi ya Kuitibu Bila Kisu, Hatua kwa Hatua

Shangazi yangu alikaanga vitumbua akiwa amesimama kwa zaidi ya miaka ishirini. Mishipa ya mguu wake wa kushoto ilianza kama uzi nyuma ya goti, ikateremka hadi kwenye kigimbi, mwisho ikajisokota kama mizizi ya mkoko. Mmoja alimwambia ni baridi yabisi. Mwingine akasema ni damu chafu, akanywe mitishamba ya kuisafisha. Wa tatu akamnong'oneza kuwa amekanyaga alichotegewa. Alipofika kwa daktari wa mishipa ya damu, ngozi ya juu ya kifundo ilikuwa imeshakuwa nyeusi na ngumu kama ganda, na kidonda kilikuwa kina miezi saba.

Mwongozo huu ni kwa yule ambaye hajafika huko, na pia kwa yule ambaye shida yake ni kwamba haipendi miguu yake akivaa gauni fupi. Wote wawili wanaanzia sehemu moja, na ndiyo maana nalirudia jambo hili hadi mwisho: usilipie sindano wala leza yoyote kabla hujajua damu inavujia wapi.

Kinachoharibika ni nini

Damu hushuka miguuni kwa ateri, hurudi moyoni kwa vena. Kushuka ni rahisi. Kupanda kunategemea misuli ya vigimbi, ambayo kila unapopiga hatua huikamua vena na kuisukuma damu juu. Ndani ya vena mna vali, vijilango vinavyoruhusu damu kupanda na kuizuia isirudi. Vali zikilegea, damu hurudi chini, presha huongezeka, ukuta wa mshipa hutanuka na kupindapinda.

Mara nyingi ubovu uko kwenye vena ya safena kubwa, inayopanda upande wa ndani wa mguu kuanzia kifundo hadi kwenye kinena. Huioni, maana imejificha chini ya mafuta ya ngozi. Unachokiona kwenye kigimbi ni matawi yake. Kukausha matawi huku shina likiendelea kuvuja ni kutwanga maji kinuni: miezi michache baadaye mishipa mipya inatokeza palepale, na fedha zimeshakwenda.

Wanaopata zaidi ni waliorithi kwa wazazi, wanawake waliozaa mara kadhaa, wenye uzito mkubwa, watu wa makamo, na wale ambao kazi yao ni kusimama: walimu, wauguzi, wasusi, vinyozi, wapishi, askari wa lindo. Kukunja nne hakusababishi ugonjwa huu, hata kama bibi alikukataza.

Hatua ya kwanza: kagua miguu yako mwenyewe

Simama kwenye mwanga wa dirishani kwa dakika mbili au tatu, kisha tazama miguu yote miwili mbele, nyuma na pembeni. Muombe mtu akupige picha kwa simu, hasa nyuma ya magoti. Hifadhi picha hizo, zitakufaa baada ya matibabu.

Madaktari hupanga hali ya mguu kwa madaraja ya C0 hadi C6. C1 ni vimishipa vyembamba kama utando wa buibui, au vya kijani na bluu visivyofikia upana wa milimita 3. C2 ni mishipa iliyovimba kweli, ya milimita 3 na zaidi. C3 ni uvimbe wa mguu. C4 ngozi imebadilika, C5 kuna kovu la kidonda kilichopona, na C6 kidonda kiko wazi. C1 kwa kawaida ni suala la urembo. Kuanzia C4 kwenda juu si urembo tena, na kila mwezi unaopita una gharama yake.

Hapa mwenye ngozi nyeusi awe makini. Vitabu vingi husema ngozi hugeuka kuwa ya kahawia nyekundu. Kwenye miguu yetu utaona weusi uliokolea zaidi, au rangi ya kijivu, juu kidogo ya kifundo upande wa ndani. Wengi hudhani ni jua au vumbi, wakaisugua kwa dodoki. Usitegemee rangi peke yake. Linganisha mguu na mguu, kisha pitisha kiganja: ngozi imekakamaa? Inawasha? Inang'aa bila vinyweleo? Hizo ndizo dalili.

Kwa watu wa pwani kuna jambo moja la nyongeza. Mguu uliovimba unaweza kuwa na matende, si ugonjwa wa vena, na hayo yana tiba yake tofauti. Uvimbe wa vena mara nyingi hupungua ukiamka asubuhi na kurudi jioni. Uvimbe usiopungua usiku, uliojaa hadi juu ya wayo na kwenye vidole, mwambie daktari waziwazi ili apime na hilo.

Hatua ya pili: altrasaundi, na ifanywe ukiwa umesimama

Kipimo chenyewe huitwa altrasaundi ya Doppler ya vena za miguu. Hakiumizi wala hakina mionzi. Mpimaji hupaka jeli, huweka kifaa kwenye kinena na paja, kisha hukikamua kigimbi kwa mkono na kukiachia. Damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde kwenye vena za juujuu, vali hiyo imelegea.

Ukitaka kujua kama umepata mpimaji anayeijua kazi hii, tazama anakuweka vipi. Vali hupimwa mgonjwa akiwa amesimama, uzito ukiwa kwenye mguu mwingine. Ukilazwa chali mwanzo hadi mwisho, kitakachopimwa vizuri ni kama kuna damu iliyoganda, si kama vali zinavuja. Ripoti nzuri hutaja jina la kila vena, upana wake kwa milimita, mahali uvujaji unapoanzia, na kama vena za ndani kabisa ziko salama. Iombe kwa maandishi. Ripoti ya "mishipa imetanuka kidogo" haimsaidii daktari yeyote.

Kwa upande wa daktari, unayemtafuta ni bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu, au wa radiolojia anayefanya tiba kwa njia ya katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Hospitali kubwa za rufaa ndiyo pa kuanzia. Saluni yenye mashine ya leza si pa kuanzia.

Hatua ya tatu: soksi za kubana, na jinsi ya kutozitupa baada ya siku mbili

Nimeona soksi hizi zikinunuliwa ghali na kuishia kabatini, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Soksi nzuri hubana zaidi kwenye kifundo na hulegea kadiri zinavyopanda. Nguvu yake hupimwa kwa milimita za zebaki, kama presha ya damu. Kwa uchovu wa miguu na safari, 15 hadi 20 hutosha. Kwa mishipa iliyovimba na mguu unaojaa, wengi hupewa 20 hadi 30. Nguvu ya 30 hadi 40 ni kwa maelekezo ya daktari tu. Zile soksi nyeupe za hospitali huvalishwa mgonjwa aliyelala kitandani ili damu isigande. Hazikutengenezwa kwa mtu anayetembea, ingawa duka la dawa linaweza kukuuzia bila kukwambia.

Kabla ya kununua, hakikisha ateri zako ni nzima. Mwenye kisukari, mvutaji sigara, au mtu anayebanwa na vigimbi akitembea kidogo anapaswa kupimwa presha ya kifundo na kuilinganisha na ya mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.8, soksi za nguvu za kawaida hazimfai mpaka daktari aseme. Ukiwa chini ya 0.5, asivae kabisa. Kuubana mguu ambao damu haiufikii vizuri kunaweza kuua nyama yake.

Pima asubuhi, mguu haujajaa: mzingo wa kifundo pale palipo pembamba, mzingo wa kigimbi pale palipo panene, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Soksi ya kuishia chini ya goti huwatosha wengi. Kwa joto la Dar, Mombasa au Muscat, chukua zilizo wazi vidoleni. Zinapitisha hewa, na ukitaka kutawadha utazivua tu, kwa hiyo panga muda wako.

Kuvaa ni ufundi. Igeuze soksi ndani nje hadi kisiginoni, ingiza wayo, weka kisigino mahali pake, kisha ipandishe polepole kwa viganja. Vaa glovu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika kitambaa vizuri na kukinga kucha zisikichane. Usiikunje juu ikabaki kama pete, kwa sababu hapo unakuwa umejifunga kamba. Vaa kabla ya kushuka kitandani, vua wakati wa kulala, paka mafuta ya ngozi usiku na si asubuhi. Baada ya miezi sita hivi mpira huchoka. Ukiona inapanda bila shida, imekwisha.

Sasa ukweli ambao muuzaji hataki uusikie: soksi hupunguza uzito wa miguu na uvimbe, lakini haziirudishi vali. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, wa Julai 2013, unasema soksi zisitolewe kama tiba peke yake isipokuwa pale ambapo tiba ya kufunga mshipa haimfai mgonjwa. Huku kwetu, ambako tiba hiyo ni ghali na iko mbali, soksi zitabaki kuwa tegemeo la wengi. Zivae ukijua kazi yake.

Sambamba na soksi, tembea angalau nusu saa kwa siku. Ukiwa umesimama kazini, inua visigino na kuvishusha mara ishirini kila baada ya saa moja. Jioni lala, inua miguu juu ya usawa wa moyo kwa dakika 15. Kuegemeza miguu kwenye kigoda ukiwa umeketi hakutoshi, kwa kuwa moyo bado uko juu.

Vidonge na mafuta

Dawa yenye diosmini na hesperidini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daflon kwa sababu ya bawasiri, huwapunguzia baadhi ya watu uzito na uvimbe wa miguu. Mshipa hauondoki. Mafuta ya kupaka yanayoahidi kuuyeyusha mshipa ni biashara, basi. Na usikubali kukandwa kwa nguvu juu ya mshipa uliovimba, hasa ukiwa mgumu na wa moto.

Hatua ya nne: kulifunga shina

Tiba hizi huitwa zisizo za upasuaji kwa sababu hakuna kuchana wala kushona. Bado ni tiba za chumba safi na daktari, si za kufanyiwa kwenye kochi. Damu haikosi njia mshipa ukifungwa, kwani vena za ndani ndizo zinazobeba sehemu kubwa tangu mwanzo.

Ya kwanza ni joto, kwa leza au kwa mawimbi ya redio. Daktari hutoboa tundu dogo karibu na goti au chini yake, hupitisha waya mwembamba ndani ya safena huku akiutazama kwenye skrini ya altrasaundi, na huusimamisha kama sentimita 2 kabla ya pale inapoungana na vena kubwa ya kinena. Kisha hudunga maji yenye dawa ya ganzi kuuzunguka mshipa mzima. Hii ndiyo sehemu inayouma, si joto lenyewe. Waya hupashwa moto na kuvutwa nyuma polepole, kwa mawimbi ya redio hufikia nyuzi 120 za Selsiasi, na mshipa hunywea. Unashuka kitandani na kutembea siku hiyohiyo. Kwa siku kadhaa utahisi kama kuna kamba inayovuta ndani ya paja, na hilo ni la kawaida. Hatari zake ni ganzi ya ngozi, hasa mshipa ukiunguzwa chini ya goti ambako neva iko karibu, kuungua ngozi, na kwa wachache damu kuganda kwenye vena za ndani.

Ya pili ni gundi ya kitabibu, inayomwagwa kidogokidogo ndani ya mshipa na kuugandisha. Haihitaji yale maji ya ganzi, na mara nyingi haihitaji soksi baadaye. Ni ghali zaidi, na baadhi ya watu mwili wao huikataa, ngozi ikavimba na kuwasha juu ya mshipa. Ukiwa na mzio wa gundi za kope au kucha bandia, mwambie daktari kabla.

Ya tatu ni povu, ambayo mitaani wanaiita sindano ya kukausha mishipa. Jina lake la kitaalamu ni sklerotherapi. Dawa, kwa kawaida polidokanoli, huchanganywa na hewa kwa bomba mbili za sindano zilizounganishwa, sehemu moja ya dawa kwa nne za hewa, mpaka liwe povu zito. Njia hiyo ilienezwa na Mtaliano Lorenzo Tessari. Povu huisukuma damu pembeni na kuuunguza ukuta wa mshipa kutoka ndani. Ni rahisi kuliko joto na hufika kwenye mishipa iliyopinda ambamo waya haupiti. Lakini mishipa mikubwa mara nyingi hufunguka tena, kwa hiyo panga bajeti ya kurudia. Wenye kipandauso wanaweza kuona vimulimuli kwa muda mfupi baada yake. Aliye na tundu moyoni, aliyewahi kuganda damu au aliye na mzio wa dawa hiyo aseme mapema.

NICE wameweka mpangilio ambao nauona wa busara: joto kwanza, kama halifai basi povu, na kisu kije mwisho. Ukishaona daktari anaruka moja kwa moja kwenye anachokimiliki yeye, uliza kwa nini.

Mwenye kidonda asiambiwe asubiri kipone ndipo atibiwe mshipa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 450, uliwaweka wote kwenye bandeji za kubana. Waliofungwa mshipa mapema, nusu yao walikuwa wamepona ndani ya siku 56. Wale waliocheleweshwa, siku 82.

Mjamzito asubiri. Mishipa mingi ya ujauzito hupungua yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua, na wakati huo soksi zitamtosha.

Hatua ya tano: vimishipa vya buibui na madoa

Sasa ndiyo zamu ya urembo, baada ya shina kufungwa au kuthibitishwa kuwa zima. Kwa miguuni, sindano ndogo bado huishinda leza ya ngozi. Polidokanoli ya asilimia 0.5 hutumika kwa vimishipa vyembamba kabisa, na ya asilimia 1 kwa vile vya kijani. Uliza inayotumika kwako ni ipi. Kwa kawaida vikao zaidi ya kimoja vinahitajika, na wiki za mwanzo mguu huonekana mbaya kuliko ulivyokuwa. Nakuonya mapema usije ukapiga kelele kliniki.

Linaloudhi zaidi ni mstari wa kahawia au mweusi unaobaki pale mshipa ulipokuwa. Hutokana na chuma cha damu iliyonasa chini ya ngozi, na huchukua miezi, wakati mwingine mwaka, kufifia. Rudi baada ya wiki mbili hadi nne daktari aitoe damu iliyonasa kwa ncha ya sindano, doa litapungua. Lifunike lisipigwe na jua.

Ukishawishiwa leza ya juu ya ngozi, uliza urefu wa mawimbi yake. Rangi ya ngozi nyeusi hufyonza mwanga kabla haujaufikia mshipa, na matokeo ni malengelenge na mabaka. Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 ndiyo iliyo salama zaidi kwa ngozi yetu, na hata hiyo ijaribiwe kwanza kwenye eneo dogo. Mashine za mwanga mpana, zile za kuondolea nywele saluni, zikwepe.

Na mkorogo, tafadhali. Wengi hupaka miguuni kuficha weusi wa kifundo. Krimu zenye klobetasoli au betamethasoni hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, hivyo mishipa huonekana zaidi, na ngozi ambayo vena zake zimeshaidhoofisha hupasuka kuwa kidonda. Weusi wa C4 hautoki kwa krimu, kwa sababu uko chini ya ngozi na bado presha inauongeza.

Baada ya matibabu

Tembea siku hiyohiyo, kisha kila siku. Vaa soksi kwa muda ulioambiwa, mara nyingi wiki moja. Acha kwa muda kubeba vitu vizito na kuoga maji ya moto sana. Kama una safari ndefu ya ndege ndani ya wiki chache zijazo, iseme kabla ya kupangiwa tarehe. Rudi kwa altrasaundi ya marudio, na ulinganishe mguu na zile picha za mwanzo.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo, uwe umetibiwa au hujatibiwa. Ukibanwa na pumzi au kuumwa kifua, ni dharura.

Na kama mshipa uliovimba umepasuka na damu inaruka, ambayo mara nyingi hutokea bafuni baada ya maji ya moto, usisimame wala usikimbilie mlangoni kuita watu. Lala chini hapohapo. Inua mguu juu ya ukuta au ndoo, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Usifunge kamba juu ya goti. Damu ikishatulia, funga bandeji, baki umelala, na umtume mtu akatafute usafiri.